Bei ya Sindano Si Ile Uliyotajiwa



Sisi washonaji wa Didia, huku Shinyanga, tuna neno na mabibi harusi, na zaidi na wale wanaowashauri. Imeingia desturi ya kuagiza sindano ya kupunguza mwili kwa simu kabla ya nikaha. Picha mbili, maswali matano, unalipa, unasubiri mzigo.

Dawa yenyewe ni semaglutidi. Marekani iliidhinishwa 2017 kwa wenye kisukari, kwa jina la Ozempic, na 2021 kwa unene, kwa jina la Wegovy. Ni dawa halali, na aliyeandikiwa na daktari wake tunamwombea shifaa. Wala kuzungumza na daktari kwa simu si kosa; aliye Didia anajua Bugando ilivyo mbali. Ugomvi wetu ni bei.

Wegovy ilipotoka, bei yake huko Marekani ilikuwa dola 1,349 kwa mwezi, zaidi ya shilingi milioni 3. Imeshuka baadaye, lakini zipo kampuni za tiba kwa simu zinazotoza ada ya kila mwezi, mbali na dawa. Dozi huanza ndogo na kupandishwa kidogo kidogo kwa wiki 16. Aliyebakiza wiki 6 analipia kichefuchefu tu! Na ukiacha? Katika utafiti mmoja mkubwa, walioacha walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito walioupunguza ndani ya mwaka. Basi utalipa mpaka lini, kwa gauni la siku moja?

Kisha kuna safari. Kalamu ya sindano isiyofunguliwa hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Dar es Salaam mpaka huku ni kama kilomita 1,000, mzigo uko kwenye buti la basi, jua la Dodoma linawaka. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu Ozempic bandia zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama zimepenya huko, huyu wa WhatsApp asiye na duka anakudhamini nini? Mwombe namba ya usajili wa dawa ya TMDA, au ya ZFDA kwa mlioko visiwani, uone atakavyopotea hewani.

Na hili wauzaji hawalitaji: maelekezo ya Wegovy yanamtaka mwanamke aiache angalau miezi 2 kabla ya kutafuta mimba. Bibi harusi huyo! Ambaye mwezi wa kwanza tu ukweni washaanza kumtazama tumbo.

Pesa mara nyingi hutoka kwenye mahari. Mahari ni haki ya mke, Suratun Nisaa imesema, na matumizi yake hatumpangii mtu. Ila tunajua neno lilipoanzia: shangazi au wifi kasema "mwili huo picha zitatokaje?" Basi aliyesema alipe yeye, kila mwezi, tuone kama atarudia.

Gauni letu tunalishona kwa mwili uliopo. Ubavuni tunaacha kitambaa cha akiba, na kufumua au kukaza hatutozi. Njoo wiki 2 kabla ya nikaha tukupime tena, na siku hiyo uwe umekula.