Mawe mawili ya Manono

Siku hizi, mtu akitaja Manono, watu wote wanajibu neno moja: litiyumu. Kwenye basi, sokoni, hata kwa kanisa nyuma ya misa. Wazee wanacheka kidogo. Wao wanakumbuka wakati Manono ilikuwa bati tu, wakati wa Géomines, kiisha Zaïre-Étain, na umeme ulitoka kwa Piana-Mwanga, kwenye mto Luvua.

Sisi leo tunataka kusema juu ya kitu ambacho hakiko bado kwa midomo ya watu. Katika mwamba ule ule wa Manono kuko litiyumu, kuko bati, na kuko tena koltani, ile inatoa tantali. Chukua litiyumu moja, tantali moja na oksijeni tatu, unganisha kwa moto mkali: inatoka tantalati ya litiyumu. Iko kama kioo, lakini nzito sana. Ndoo ya maji ya lita 10 ukiijaza nayo, ni kilo 74 na zaidi.

Sisi watu wa shaba tunajua waya. Shaba ya ndani inapitisha umeme, plastiki ya inje haipitishi. Tantalati hii iko upande wa plastiki. Basi mtu atauliza: kitu kisichopitisha umeme, faida yake nini? Faida iko hapa: haipitishi, lakini inasikia. Ukiikamua, inatoa umeme kwa uso wake. Ukiipa umeme, inatetemeka. Ukiipasha joto kidogo tu, hata joto la mwili wa mtu anayepita mbele yake, inatoa umeme tena. Taa zinazowaka zenyewe mtu akipita usiku kwenye geti, nyingine zinatumia kioo hiki. Jambo hili halikujulikana jana. Ilikuwa mwaka 1949, kwa Bell Laboratories ya Marekani, ndipo Matthias na Remeika walipoonyesha kama tantalati na ndugu yake niobati zina umeme wa ndani ambao mtu anaweza kuugeuza upande.

Lakini kazi kubwa iko katika telefone. Hewani mawimbi ni mengi: redio, simu za watu wote, intaneti. Telefone yako inatakiwa kukamata lako tu. Kwa hiyo wanaweka kipande kidogo cha tantalati, kidogo kuliko punje ya mchele, na juu yake wanachora vidole vya chuma vyembamba sana. Wimbi la redio likiingia, kioo kinatetemeka, na mtetemo unatembea juu ya uso wake kama maji ya ziwa ukitupa jiwe. Unatembea kilometa 3 mpaka 4 kwa sekunde, pole kabisa kwa wimbi la redio, ambalo linakwenda kilometa 300,000. Ndiyo sababu kipande kidogo kinatosha. Mtetemo unaolingana na nafasi ya vile vidole unapita na kugeuka umeme tena; mingine inabaki. Ni kama mama anachekecha unga wa bukari.

Na kazi nyingine inakuja. Mwaka 2024, watafiti wa Uswisi na China walionyesha katika jarida la Nature kama tantalati inaweza kutengenezwa iwe vipande vyembamba vinavyoongoza mwanga, kwa kugeuza maneno ya umeme kuwa mwanga katika nyaya za intaneti.

Hatusemi wajenge kesho kiwanda cha vioo hivi kwa Manono. Tusidanganyane. Tantalati inayeyuka karibu na digrii 1,650, chungu chake kinatengenezwa kwa iridiamu, na kioo kinavutwa pole pole, umeme usikatike hata mara moja. Kila mtu anayeishi huku anajua neno hilo la mwisho linamaanisha nini.

Jambo letu ni lingine. Katika kilo moja ya tantalati ya litiyumu, tantali ni gramu 767. Litiyumu ni gramu 29 tu! Sisi tunaimba litiyumu, na yule anayetengeneza kioo anajua uzito uko wapi. Sasa angalieni sheria. Amri ya tarehe 24 Novemba 2018 iliweka koltani kati ya madini ya stratejiki, pamoja na kobalti na jermani, na Kode ya madini ya mwaka ule inaomba juu yake redevansi ya 10 kwa mia. Litiyumu haikuwamo katika orodha ile. Kama tantali inatoka imejificha ndani ya mchanga wa litiyumu, bila kupimwa, nani analipa ile 10? Na katika redevansi hiyo, 25 kwa mia ni ya provensi, 15 ni ya mji au sheferi ambako shimo liko. Ile 15 ni madarasa, ni bomba la maji, ni barabara ya kufika hospitali. Isipohesabiwa, hakuna mtu atakayeiona imepotea, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Kupima haiombi iridiamu. Inaomba laboratwari yenye mashine ya kusoma madini, na vijana waliosoma kemia na jeolojia, nao tuko nao. Wengi wamekaa nyumbani na diplome. Tunaomba wenye kuandika mikataba ya Manono, Kinshasa na Kalemie, waweke jambo hili wazi: karatasi ya kila lori iwe na mstari wa litiyumu, mstari wa tantali na mstari wa bati, na ule mstari wa pili uandikwe na mtu wa Serikali, mbele lori haijaondoka.