Hiyo Sio Super VC10, Acheni Kutudanganya

Wiki hii mmeisheya tena ile picha ya zamani ya chumba cha marubani, na kapsheni yake ndefu: "Super VC10 ya East African Airways ikitua Lamu, 1968." Laiki kibao, mioyo, "zamani raha sana". Nasema bila kuzunguka: ni uongo, tena uongo wa uvivu, maana jibu limo ndani ya picha yenyewe.

Hesabuni basi. Katikati ya viti viwili kuna nyenzo za injini. Super VC10 ilikuwa na injini 4, zote nyuma mkiani, kwa hiyo marubani wake walikuwa na nyenzo 4 za kuongeza nguvu. Kwenye picha yenu kuna jozi tatu: mbili, mbili, mbili. Jozi ya nguvu, jozi ya mapanga, jozi ya kupima mchanganyiko wa mafuta na hewa. Jeti ina mapanga wapi, jamani? Hiyo ni ndege ya injini 2 za pistoni. Na yule mjuaji aliyekuja kusema ni Comet naye akae: Comet ni jeti, injini 4. Aliyesema Fokker Friendship kakaribia kidogo, ina injini 2 na mapanga, lakini injini zake za Dart ni za tabini, hazina wenzo wa mchanganyiko.

Tazameni tena kioo cha mbele. Vipande viwili, vimekutana katikati kama omo la chombo. Nyuma ya marubani wa VC10 alikaa fundi wa injini na ukuta mzima wa mishale. Hapa nyuma ya viti hakuna cha fundi wala cha mishale. Halafu kuna kile kibati kidogo kwenye dashibodi, ambacho nyote mmekipita: herufi zake zinaanza na VP-K. Hizo ni herufi za Kenya ya mkoloni. Baada ya uhuru ndege zetu zikaandikwa 5Y, za Tanzania 5H, za Uganda 5X. East African Airways ilianza kupokea Super VC10 mwaka 1966. Sasa ndege iliyokuja baada ya uhuru ilivaaje herufi za Mwingereza?

Hii ni Dakota, DC-3. Mwenye hoja kwamba ni Lodestar aje nayo, maana shirika lilikuwa nazo zote mbili, na huyo tutakaa naye tuzungumze kiungwana.

"Ikitua Lamu" ndiyo iliyonichoma zaidi. Ndege haitui Lamu. Inatua Manda, kisha unavuka kwa boti, na hilo hata mtoto wa chekechea wa Mkomani analijua. Isitoshe, vioo vya picha ni vyeupe tupu. Hakuna mkoko, hakuna bahari, hakuna kitu. Lamu mmeionea wapi?

Lakini hasira yangu haswa si ya ndege. Chini ya posti ile alikuja mzee mmoja, akaandika kwa adabu kabisa, "Wanangu, hii ni Dakota, mimi nimezipakia mizigo." Mkamjibu "mzee tulia". Mwingine akabandika jibu la akili unde lililosema VC10, na kesi ikafungwa. Asubuhi yake maoni ya mzee hayapo, yamefutwa. Mtu aliyezishika kwa mikono yake kashindwa na mashine iliyosoma kapsheni kama zenu! Maana hapo ndipo inapojifunzia: nyinyi mnaandika uongo, inausoma, kesho inawarudishia, nanyi mnasema "si umeona?"

Najua mtaniambia niliacha chuo mwaka wa pili, nani kanifanya profesa wa ndege. Kuhesabu hadi sita hakuhitaji digrii. Mtoto wa Matondoni ukimwonyesha kipande tu cha chombo atakwambia ni jahazi au ni dau, na ukikosea atakucheka hadi maghribi. Kwa nini kwenye vyombo vya angani turuhusiwe kubwabwaja?

Wengine mnasema ni ndege tu, ina uzito gani. Shirika lile lilikuwa la nchi tatu na lilikufa 1977 pamoja na Jumuiya. Kule Dar es Salaam wazee waliotumikia Jumuiya wamehangaika miaka na miaka wakidai mafao yao. Watu kama hao, ushahidi wao ni makaratasi yaliyoliwa na mchwa, picha mbili tatu, na wanachokikumbuka. Ukiipa picha jina la uongo, kisha ukamfuta anayekumbuka, umembakishia nini?

Kwa hiyo wenye ile peji: rekebisheni kapsheni. Andikeni Dakota, toeni 1968, toeni Lamu hadi mtu alete ushahidi wa mahali. Na yale maoni ya mzee yarudisheni, muyabandike juu kabisa, kisha mmuombe radhi hapo hapo hadharani. Mimi nina maswali yangu kumi ya kumuuliza, kama bado atataka kuzungumza na vijana wa Lamu.