Mashine ya risiti haijui kilichobaki stoo

WAFANYABIASHARA wengi wa jumla na rejareja hapa Tanzania wanaamini kuwa biashara zao tayari zinaendeshwa kwa kompyuta. Ushahidi wanaoutoa ni wa aina mbili: mashine ya risiti za kodi iliyo juu ya kaunta, ambayo waliosajiliwa katika VAT walianza kuitumia mwaka 2010, na taarifa ya miamala ya simu. Maoni yetu ni kuwa vyote viwili vinamwonyesha mwenye duka mauzo na malipo tu, na kwamba programu ya kwanza anayopaswa kuigharamia ni ile inayohesabu mali na madeni.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara amenunua doti 200 za khanga kwa Sh. 9,000 kila doti. Katika mwezi mmoja ameuza doti 150 kwa Sh. 11,000. Mashine ya risiti inaonyesha mauzo ya Sh. 1,650,000, na yeye anajiona amepata faida ya Sh. 300,000. Lakini doti 40 kati ya hizo alizitoa kwa mali kauli, hivyo Sh. 440,000 bado ziko kwa wateja na mkononi ana Sh. 1,210,000. Stoo zilipaswa kubaki doti 50. Zikihesabiwa zinakutwa 38. Doti 12 zilizopotea ni mtaji wa Sh. 108,000, na faida imeshuka hadi Sh. 192,000 kabla ya kodi ya pango na mshahara wa msaidizi.

Wakati huo huo bei ya jumla imepanda hadi Sh. 9,500. Ili arudishe doti 150 alizouza anahitaji Sh. 1,425,000, naye amepungukiwa Sh. 215,000. Hapo ndipo mtu anapokwenda kukopa kwa riba huku akisema biashara ni nzuri. Mashine ya risiti haikukosea hata shilingi moja. Imefanya kazi iliyowekewa, ambayo ni kumwonyesha mtoza kodi mauzo.

Programu za biashara zilizoko sokoni ni za makundi machache. Kuna ya kaunta, inayopokea malipo na kutoa stakabadhi. Kuna ya stoo, inayoandika kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki na bei ya kununulia. Kuna ya hesabu, kama Tally ya India au QuickBooks ya Marekani, inayopanga leja na kutoa mizania. Kuna ya mishahara, inayokokotoa PAYE na mchango wa NSSF, na ya kumbukumbu za wateja. Juu ya zote ipo mifumo mikubwa inayounganisha idara zote za kampuni, kama ile ya SAP ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1972.

Wauzaji wa programu hupenda kuanza na ile ghali. Mwenye duka aanze na stoo na madeni, kwa kuwa ndiko mtaji unakovujia. Mwenye bidhaa chache hahitaji hata kununua kitu: jedwali la Excel lenye tarehe, bidhaa, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, bei ya kununulia na jina la mdaiwa linatosha, mradi liandikwe kila siku na mali ihesabiwe kila mwisho wa mwezi. Programu ya hesabu ifuate pale benki inapoanza kudai mizania. Ya mishahara ingoje hadi wafanyakazi wawe wengi kuliko wanavyoweza kuandikwa kwenye karatasi moja.

Wapo wanaosema kuwa daftari la stoo likiwa wazi litamsaidia ofisa wa kodi kuwabana. Hofu hiyo ina msingi wake, lakini asiye na kumbukumbu hukadiriwa, na akitaka kupinga makadirio hana cha kuonyesha. Mwenye rekodi ya bei ya kununulia anaweza kuthibitisha kuwa faida yake ni ndogo. Tena, anayewaficha wengine hesabu kwa kutoiandika kabisa anajificha na yeye mwenyewe, na msaidizi asiye mwaminifu hulijua hilo mapema.

Kabla ya kulipia programu yoyote, muulize muuzaji maswali matatu. Umeme au mtandao ukikatika, duka litaendelea kuuza? Nikiacha kulipa ada ya mwezi, kumbukumbu zangu nitazitoaje? Nani anaweza kubadilisha takwimu za jana, na je, jina lake litaonekana? Swali la pili limezidi kuwa zito kwa kuwa programu nyingi siku hizi hukodishwa badala ya kuuzwa. Mwaka 2024 Intuit, wenye QuickBooks, waliacha kuwauzia wateja wapya wa Marekani matoleo kadhaa yanayowekwa ndani ya kompyuta, wakiwaelekeza kwenye yale ya mtandaoni.

Kwa wasomaji wenye hisa, somo ni hilo hilo kwa kipimo kikubwa. Mwaka 1999 kampuni ya chokoleti ya Hershey ya Marekani ilianza kutumia mfumo mpya wa takriban dola milioni 112, ikauwasha karibu na msimu wake mkubwa wa mauzo. Pipi zilikuwepo maghalani, lakini mfumo ulishindwa kupeleka oda za kama dola milioni 100, na faida ya robo ya tatu ya mwaka ikashuka kwa asilimia 19. Bidhaa haikuwa na kasoro na wateja walikuwa tayari. Kilichokosekana ni kujua mali iko wapi na iende kwa nani.

Hivyo kampuni yenye hisa zako inapotangaza mfumo mpya wa kompyuta, usishangilie wala usiuze kwa woga. Katika mkutano mkuu uliza utawashwa mwezi gani, kama utaenda sambamba na ule wa zamani kwa muda, na mali iliyoko ghalani ilihesabiwa lini kwa mkono. Mwenyekiti anayejibu kwa tarehe na takwimu anastahili kuaminiwa kuliko anayejibu kwa neno teknolojia.

Mwenye duka naye asisubiri fundi wa kompyuta. Jumamosi hii afunge mlango mapema, ahesabu kilichomo stoo, aandike anayewadai, kisha alinganishe na risiti za mwezi. Tofauti atakayoikuta itamwambia anahitaji programu ya kiasi gani.