Mji Haukuchafuka, Ulichafuliwa

Katika sarufi ya Kiswahili kuna kauli moja ya kitenzi ambayo viongozi wetu wanaipenda mno, nayo ni kauli ya kutendeka. Utawasikia wakisema barabara imeharibika, maji yamekatika, mji umechafuka. Kauli hii haimhitaji mtenda. Jambo limetokea tu, kama mvua inyeshavyo. Lakini ukisema mji umechafuliwa, msikilizaji anayo haki ya kuuliza: na nani? Mimi hufundisha isimu, kwa hivyo nadhani nitasamehewa nikianzia hapo kulizungumzia suala la taka katika miji ya Kisii na Nyamira.

Jibu jepesi, na ambalo husikika katika kila baraza, ni kwamba mji umechafuliwa na wananchi wenyewe. Eti watu wetu hawana ustaarabu. Hula muwa wakatema makapi papo hapo. Jibu hili silikubali. Yeyote aliyepata kutembea katika vijiji vya Gusii, kuanzia Nyaribari hadi Borabu, ameziona nyua zilizofagiwa alfajiri hata alama za ufagio zikabaki udongoni. Maganda na majivu hupelekwa mgombani, na mgomba hushukuru. Mama yuyo huyo aliyefagia ua wake kabla ya jua kuchomoza ndiye utakayemkuta saa nne katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, amezungukwa na majani ya kabeji yaliyooza. Je, tabia yake ilibadilika ndani ya matatu? La hasha. Nyumbani kuna mahali pa kupokea taka, sokoni hapana.

Wazee wa Gusii wana jina lao kwa mji wa Kisii. Huuita Bosongo, yaani kwa Wazungu. Waingereza walipoweka kituo cha utawala hapo mnamo 1907, mji haukuwa wa wenyeji. Mtu alikwenda Bosongo kulipa kodi, kushtakiwa, au kuomba kibali, kisha akarudi kwake. Kiswahili nacho kina neno mji ambalo kwa asili halikutenga sana baina ya makao ya ukoo na makao ya maelfu. Vyote vilikuwa mji na vyote vilikuwa na wenyewe. Inawezekana kwamba hisia ya kale ya Bosongo, ya mahali pasipo petu, ingali inatutafuna. Hata hivyo sitaki kulitwisha jina mzigo usio wake. Zaidi ya miaka 60 imepita tangu uhuru, na Mzungu hawezi kuwa kisingizio cha lundo lililoachwa kando ya barabara juma lililopita.

Sheria haina utata juu ya nani anayepaswa kulizoa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kuondoa taka na kusimamia majaa. Kifungu cha 42 cha Katiba hiyo hiyo kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, mtenda anajulikana kwa jina na anwani. Isitoshe, analipwa. Mwenye kibanda hulipa ada ya leseni, na muuza ndizi hulipa ushuru kila siku ya soko, awe ameuza au hakuuza. Akichelewa, askari wa kaunti hawamwambii kwamba ushuru "umekosekana". Wanamwambia hajalipa. Hapo sarufi yao huwa timamu kabisa.

Kama kuna mahali ambapo jambo hili laonekana wazi, ni Keroka. Mji huu umekaa juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira, mpaka ambao ulipata uzito mpya Nyamira ilipokatwa kutoka wilaya ya Kisii mwaka 1989, na uzito zaidi ugatuzi ulipokuja. Kaunti hizi mbili zimevutana kwa miaka juu ya nani ana haki ya kukusanya ushuru Keroka, na wafanyabiashara wamelalamika kwamba wanadaiwa na pande zote mbili. Sijapata kusikia kaunti hizo zikivutana juu ya nani ana haki ya kuzoa taka za mji huo. Linapokuja suala la fedha, Keroka ina baba wawili; linapokuja suala la taka, ni yatima. Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi, lakini hapa fahali wanapigania malisho tu, samadi hawaitaki.

Ni haki kukiri kwamba kazi yenyewe si nyepesi. Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha Kisii ina wakazi 1,266,860, zaidi ya 950 kwa kila kilomita mraba, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa 82. Nyamira ilikuwa na 605,576. Ardhi ikisongamana hivyo, hakuna pori la kwenda kumwaga taka. Kila utakapochimba jaa, upo ukutani mwa mtu na juu ya chemchemi ya mwingine, na wenyeji hupinga kwa sababu nzuri. Tena nchi hii ni ya milima na mvua nyingi. Kilichotupwa kilimani hakikai kilimani. Mjini Kisii hushuka hadi Mto Nyakomisaro, na maji ya huko huishia katika mto ambao Wagusii huuita Gucha na Wajaluo walio chini huuita Kuja, unaomwaga katika Ziwa Viktoria. Mto ni mmoja wenye majina mawili, na mtoto wa Migori anayechota maji ya Kuja hajawahi kufika Daraja Mbili.

Ugumu huo, hata hivyo, ndio unaonifanya nishangae. Sehemu kubwa ya taka za masoko yetu ni majani ya migomba, mabua, kabeji na makapi ya miwa. Hizo si taka bali mbolea ambayo haijaiva. Serikali ilishusha bei ya mfuko wa mbolea ya ruzuku hadi shilingi 2,500 mwaka 2023, na wakulima wetu wenye vishamba vya robo ekari walipanga foleni kuutafuta. Wakati huo huo chakula cha udongo kinaozea mtaroni na kuziba maji. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Zikitengwa pale pale sokoni, kinachohitaji jaa kitapungua sana, na hata ule ugomvi wa ardhi utapungua makali.

Kuna watakaosema watu wetu hawatatii. Nawakumbusha tarehe 28 Agosti 2017, siku ambayo marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza. Wengi walicheka. Lakini sheria ilimtaja mtenda, ikataja faini, ikafuatwa. Mifuko iliyokuwa ikining'inia katika kila ua ikatoweka, ingawa mingine ilirejea kwa magendo. Watazame pia Moshi, kule Tanzania, mji ulio katikati ya nchi ya migomba na mashamba madogo kama yetu, ambao kwa miaka mingi umesifiwa kwa usafi kuliko miji mingi ya nchi hiyo. Wachaga hawakuzaliwa na ufagio mkononi kuliko Wagusii.

Zile siku za usafi ambapo waheshimiwa hupigwa picha wakiwa na mafagio hazinivutii. Taka hukusanywa kando ya barabara, kamera huondoka, lori haliji, na mvua ya alasiri hurudisha kila kitu mahali pake. Ningefurahi zaidi kuona ubao katika kila soko, kuanzia Daraja Mbili hadi Nyansiongo, umeandikwa ushuru uliokusanywa mwezi huo, siku lori lilipokuja, na jina la afisa anayehusika. Kwa Keroka, maafisa wawili, mmoja wa kila kaunti, na majina yao yote mawili yaandikwe juu ya ubao mmoja.