Acheni kuvuta vidole vya wachezaji!

Kama unacheza voliboli, netiboli au mpira wa vikapu, hii ushaiona. Mpira unakuja kwa kasi, unagonga ncha ya kidole, mchezaji anaruka kwa uchungu. Kabla hajakaa chini, kuna msee ashafika: "Leta nikivute." Anavuta, kidole kinalia ko! Wote wanasema kimerudi, mechi inaendelea.

Maoni yangu ni kwamba huyu mvutaji anaweza kukuumiza kuliko mpira wenyewe. Mara nyingi huwa zimevutika tu nyuzi zinazoshikilia kiungo. Lakini pia huenda mfupa umepasuka, kiungo kimeteguka, au kano inayonyoosha ncha imekatika. Mwanzoni yote huonekana sawa: uvimbe na maumivu. Sasa wewe unayevuta, unajua unavuta nini?

Na hapa Kiirua kidole si cha mchezo pekee. Ndicho kinachochimba viazi, kinachobana klachi ya bodaboda na kinachoshika kalamu siku ya mtihani.

Kwa hivyo ukiumia, toka uwanjani. Vua pete haraka kabla kidole hakijavimba. Funga barafu kwa kitambaa, uiweke kwa dakika 15 hivi. Huna barafu? Maji baridi ya mfereji yatasaidia, na sisi tulio chini ya Mlima Kenya tunajua baridi ya maji yetu. Inua mkono juu. Kama kidole kinakunjika na kunyooka vizuri, kifunge pamoja na jirani yake kwa plasta, weka pamba katikati, na usikaze sana.

Lakini kikiwa kimepinda, kimekufa ganzi, au ncha imelegea na hainyooki yenyewe, wachana na mambo ya kukandwa mafuta. Fika hospitali upigwe eksirei. Kiirua tuna hospitali ya misheni ya St Theresa karibu. Ncha iliyolegea kwa kawaida hufungwa kibanzi wiki 6 hadi 8, usiku na mchana. Ukiikunja hata mara moja, hesabu huanza upya. Ukipuuza, inaweza kubaki imepinda maisha yako yote.

Makocha nao wasikwepe. Kanuni za voliboli zinataka mpira uwe na shinikizo la kilo 0.30 hadi 0.325 kwa sentimita mraba, ila kuna mipira hujazwa hadi inakuwa mawe. Katika netiboli, waamuzi hukagua kucha na mapambo kabla ya mechi. Mbona mazoezini hatujali? Wafundisheni wachezaji kupasha vidole moto, kutandaza na kukaza vidole wanapozuia mpira wavuni, na kutayarisha mikono mapema badala ya kuunyemelea mpira kwa ncha za vidole.

Timu ikipata pesa za jezi mpya, isikose za plasta, bendeji na pamba. Vitu hivyo vinatosha kwenye mfuko mmoja mdogo.

Nawe mchezaji, wikendi hii ukisikia "leta nikivute", rudisha mkono wako. Mwambie akuletee maji baridi.