Saa ya Ukutani Nayo ni Kipimo

Homa ya mtoto ikipanda usiku, nyumba nyingi za Afrika Mashariki huitaja malaria kabla ya kitu kingine. Asubuhi dawa hununuliwa dukani, mgonjwa hajapimwa. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila homa inayoshukiwa kuwa malaria ipimwe kwanza, na kipimo cha haraka hutumia tone moja tu la damu. Kisingizio kimekwisha.

Tatizo huanza kipimo kinapoonyesha hakuna malaria. Nimonia, mojawapo ya maradhi yanayoua watoto wengi zaidi, haihitaji mashine ili kushukiwa. Inahitaji saa yenye mshale wa sekunde na mtoto aliyetulia (na hapo ndipo penye kazi). Pumzi huhesabiwa dakika nzima. Zikifika 60 kwa mtoto asiyetimiza miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, anapumua haraka mno. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, apelekwe hospitali usiku huohuo.

Kichanga hudanganya zaidi. Maambukizi makali yanaweza kumshusha joto badala ya kulipandisha. Aliyeacha kunyonya aonwe mara moja, hata kama mwili ni baridi.

Kwenye foleni ndefu za zahanati, dakika hiyo ya kuhesabu ndiyo hurukwa kwanza. Basi mama afundishwe kuhesabu pumzi siku za kliniki, mtoto akisubiri kupimwa uzito.