Wa 61 kati ya 61: ripoti hii inamsaidia nani?

Nilikuwa kimya maana TP ilinibana, na huko Karatu nilikokuwa mtandao ni wa kubahatisha. Sasa nimerudi chuo, boom bado haijatoka, ila leo silii njaa. Leo nina hasira na karatasi moja: ripoti ya maendeleo ya mwanafunzi.

Wote tunaijua. Somo, alama, daraja, wastani, nafasi, halafu maoni ya mwalimu wa darasa: "Aongeze bidii." Karatasi hiyo hiyo anapewa mtoto wa elimu maalumu. Nimeiona kwa macho yangu (shule siitaji): mtoto mwenye ulemavu wa akili, wa 61 kati ya 61, aongeze bidii. Jamani, bidii ipi? Januari mtoto huyu alikuwa hawezi kufunga vifungo vya shati. Juni anavaa mwenyewe, anakwenda chooni bila kushikwa mkono, anahesabu vizibo vya soda mpaka kumi. Miezi sita ya kazi ya mtoto na mwalimu, na kwenye ripoti hakuna hata neno moja.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mzazi. Mama anavuna vitunguu vya watu Mang'ola, au baba ana mifugo kule Nainokanoka. Anasomewa kwamba mwanae ni wa mwisho, muhula huu na muhula ujao. Kosa lake liko wapi akiamua mtoto abaki nyumbani? Tukimaliza tunasema "wazazi wa huku hawana mwamko, wanaficha watoto walemavu." Mwamko utoke wapi kama taarifa yetu yenyewe inamwambia mtoto wake hakuna kitu?

Halafu kuna lugha. Karatu na Ngorongoro kuna Wairaqw, Wamaasai, Wadatoga, Wahadzabe, Wasonjo. Kuna bibi anayelea mjukuu na Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu. Wewe unamwandikia "wastani 12.4, daraja E". Hiyo ni taarifa au ni kujiondolea lawama?

Kinachoniuma zaidi ni mtoto kiziwi wa bweni. Shuleni anajifunza lugha ya alama, anapiga stori na wenzake, anacheka. Likizo anarudi kwenye boma ambako hakuna anayejua hata alama ya "maji". Ripoti imemwambia baba kwamba Hisabati kapata 20. Haijamwambia kwamba mtoto sasa anaweza kueleza kinachomuuma, na kwamba baba akijifunza alama kumi tu wataongea kwa mara ya kwanza.

Msiniambie ndio utaratibu. Baraza la Mitihani lenyewe linawapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 za ziada kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa masomo mengine. Na mwaka 2023 Baraza hilo hilo liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Kama Taifa limeachana na kumi bora, sisi tunampanga mtoto huyu foleni ya nini? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inawapa haki ya elimu sawa na wengine. Wenzetu Marekani, sheria yao ya elimu maalumu inadai kila mtoto awe na mpango wake, wenye malengo, namna ya kuyapima, na lini mzazi ataambiwa amefika wapi. Sisemi tuige kila kitu. Nasema hilo la kumwambia mzazi halihitaji dola.

Najua jibu la walimu: "Tuko wachache, watoto wengi, muda hakuna." Ni kweli, nimeonja. Ila mimi siombi kitabu. Naomba sentensi tatu: muhula uliopita alikuwa hawezi nini, sasa anaweza nini, nyumbani mfanye nini. Zisemwe kwa mdomo, siku ya mnada mzazi akishuka mjini, au siku ya kumchukua mtoto bweni. Kama lugha inagoma, kaka au dada wa mtoto atafsiri. Kama mzazi haoni, asisomewe na jirani mambo ya mwanae, apigiwe simu. Na ile nafasi ya 61 ifutwe kabisa.

Wenzangu wa ualimu, mwakani wengi wetu tunaomba ajira, na wengine tutapangwa huko huko. Fomu haitabadilika yenyewe, lakini pale palipoandikwa "maoni ya mwalimu" ni pako. Usiandike aongeze bidii. Andika kwamba anafunga vifungo.

Naomba kutoa hoja.